Kisiwa Hakina Uani

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Julai, kusi limekaza. Asubuhi ya pili nikampelekea uji wa pilipili manga kwenye kituo cha afya alikolazwa, huku kwetu Pemba. Nilimkuta amekaa kitandani, yeye na mtoto wamo ndani ya kanga moja, kama watu waliokimbia mvua. Dirisha la upande wa kusini lilikuwa limezibwa kwa boksi lililokunjuliwa, na lile boksi likivimba na kunywea kwa upepo. Chumba kizima kilinuka plastiki iliyoungua.

Nikatoka kutazama. Hatua kama thelathini kutoka dirishani palijengwa jiko la matofali, urefu wake unanifika kifuani, na juu yake bomba la bati ambalo halikufika hata usawa wa paa la wodi. Kijana mmoja alikuwa anatia ndani glavu, mipira ya dripu, pamba zenye damu na visanduku vya manjano vya sindano. Kila akifungua mlango atie kingine, moshi mweusi humpiga yeye usoni kwanza, kisha hupanda kidogo, hulazwa na upepo, ukaenda moja kwa moja kwenye lile boksi.

Nilikuwa nimeshajiandaa kugomba. Akaniwahi kwa salamu, akafuta jicho kwa kiwiko, akasema: “Dada yangu, nikichoma mchana wazazi wanalia. Nikichoma usiku majirani wanalia. Na nisipochoma, watoto wa skuli wanakuja kuokota mabomba ya sindano wachezee maji. Hebu wewe niambie nifanyeje.”

Sikuwa na la kumwambia. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Najua dirisha likae wapi, choo kiwe mbali kiasi gani na kisima, paa litoke kiasi gani mvua isipige ukuta. Jiko la kuchomea taka sikuwahi kulichora wala kuombwa nilichore. Tangu siku ile nimekuwa nalisoma jambo hili usiku baada ya kazi, na haya ninayoyaandika ndiyo jibu nililolitafuta kwa ajili yake.

Nyumba zetu zina uani. Huko ndiko moshi wa jikoni uliko, ndiko vyombo vinakooshwa, ndiko samaki anakoparwa magamba. Mgeni anakaa barazani, hayaoni hayo. Nadhani na kisiwa tumekifanya hivyo hivyo, tukaamini kuwa kipo mahali fulani nyuma pa kutupia. Unguja taka za mjini hupelekwa jaa la Kibele. Huku kwetu huishia kwenye mabonde, kwenye machimbo ya mchanga, pembezoni mwa mikoko, na nyingi huchomwa pale pale zilipotupwa. Lakini kusi likiisha huja kaskazi, na moshi uliokwenda kwa jirani wa juu mwezi wa Julai unamrudia wa chini mwezi wa Januari. Plastiki iliyoingia baharini huipati tena nyumbani kwako, huipata Misali. Wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, kule wanazijua chupa na makandambili yanayopandishwa na maji kila siku, na kile ni kisiwa kilichowekwa chini ya hifadhi tangu 1998. Huko Unguja ndiko hatari zaidi kwa maji, kwa sababu jiwe la chini ni la matumbawe lenye matundu, na kinachomwagwa juu ya ardhi hakichukui muda kufika kwenye maji ya visima.

Kisiwa hakina uani. Hili ndilo neno moja nililo nalo, mengine yote yanatoka humo.

Usiku mmoja nikakutana na picha ya jengo la Spittelau, mjini Vienna, nchi ya Austria. Nilidhani ni msikiti wa ajabu au nyumba ya sanaa. Madirisha hayalingani, kuta zina rangi na mistari iliyopinda kama imechorwa kwa mkono, miti inaota juu ya paa, na dohani yake imevaa tufe kubwa la rangi ya dhahabu. Kumbe ni tanuri la taka. Lilijengwa miaka ya 1969 hadi 1971, jengo la kawaida la kiwanda, likaungua moto mwaka 1987. Meya wa wakati ule, Helmut Zilk, akamwomba msanii Friedensreich Hundertwasser alipe sura mpya. Hundertwasser alikuwa mtu wa mazingira, akakataa. Hakutaka kulipaka rangi jambo baya lipendeze. Alikubali baada ya kuhakikishiwa kuwa mitambo ya kusafisha moshi itakuwa bora kabisa kwa wakati ule na kwamba jiji litajitahidi kupunguza taka zenyewe. Kazi ikamalizika 1992.

Nililipenda jengo, lakini kilichonikalisha macho ni mahali lilipo. Halikufichwa. Liko ndani ya mji, ubavuni mwa stesheni ya treni, watu wanalipita kila asubuhi wakienda kazini. Joto lake hupita kwenye mabomba ya chini ya ardhi likapashe moto nyumba zaidi ya 60,000, na tangu mwanzo lilijengwa ili kuihudumia hospitali kuu ya mji. Nikamkumbuka mdogo wangu chini ya ile kanga. Kule hospitali inapewa joto na tanuri la taka, huku inapewa moshi.

Hapo ndipo nilipoelewa faida ya uzuri katika jengo la namna hii. Zamani ningesema uzuri ni wa mwisho, kitu cha kuongeza zikibaki fedha. Sasa naona ni dhamana. Ukilijenga tanuri zuri mahali pa wazi, umewaalika watu walitazame, na wanaolitazama kila siku ndio wa kwanza kuuona moshi ukibadilika rangi. Lililofichwa porini nyuma ya ukuta likiharibika chujio, nani atajua?

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, nao wamejenga lao. Mbunifu wake ni Bjarke Ingels, na mwaka 2019 watu walianza kuteleza kwa ski kwenye mteremko juu ya paa lake huku taka zikiungua chini ya miguu yao. Zuri, lakini limenifundisha na hofu. Ni kubwa mno, la zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, na imewabidi waagize taka kutoka nje ili moto usikae na njaa. Mtu aliyejenga jiko kubwa kuliko chungu chake atatafuta cha kupika hata kisichofaa. Kisiwa chetu kikifika hapo, tutakuwa tunawaambia watu wasipunguze taka kwa sababu mtambo una deni la kulipa.

Basi nikafanya hesabu kwenye karatasi. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 543,441 Pemba nzima. Tuseme kila mmoja anatoa nusu kilo kwa siku, ndiyo tani 270 hivi. Spittelau peke yake huchoma kiasi cha tani 250,000 kwa mwaka, yaani karibu tani 700 kila siku. Sasa tembea sokoni Chake saa nane mchana, baada ya watu kupungua, uangalie kilichobaki chini: mikungu ya ndizi, maganda ya muhogo, majani ya mchicha, matumbo ya samaki, maembe yaliyopasuka. Nyumbani ni hayo hayo pamoja na machicha ya nazi. Sehemu kubwa ya taka zetu ni mbichi, na nyingi ya hizo ni maji.

Hapa babu yangu, Mungu amrehemu, anajua zaidi kuliko vitabu. Alikuwa mchoma chokaa. Tanuu lake alilipanga kwa mkono: magogo mviringo, safu juu ya safu, katikati akaacha tundu, kisha juu yake mawe ya matumbawe kama kichuguu kilichopangiliwa. Alitia moto kwenye lile tundu jioni, akakaa mkekani na buli lake la chai akitazama moshi. Ukitoka mzito mweupe alisema kuni zinalia, maana yake unyevu unatoka. Ukiwa mweusi alisema moto unakosa pumzi, akaenda kufungua nafasi kwa mti mrefu. Alfajiri moshi ulikuwa haupo kabisa, hewa juu ya tanuu inatetemeka tu, na mawe yamekuwa mekundu kama makaa. “Sasa ndiyo unawaka, mjukuu wangu,” alikuwa akiniambia. “Ule mwingine wote ulikuwa ugomvi.”

Wahandisi wanasema jambo lile lile kwa tarakimu. Taka zikiwa na nguvu ya joto chini ya megajuli 7 hivi kwa kilo (megajuli ndiyo kipimo chao cha nguvu hiyo), haziwezi kuwaka zenyewe vizuri, lazima uzisaidie kwa mafuta. Kila kilo ya maji iliyomo ndani inakula zaidi ya megajuli 2 ili igeuke mvuke tu, kabla haijatoa faida yoyote. Kuchoma maganda ya ndizi ni kununua dizeli ili kuchemsha maji. Kwa hiyo tanuri la Pemba linaanzia sokoni na jikoni, si kwenye ramani yangu. Kibichi kitengwe, kiozeshwe kiwe mbolea, kirudi kwenye mashamba ya migomba kilikotoka. Chupa na makopo vyenye mnunuzi viuzwe. Kinachobaki, kikavu, kichafu, kisicho na mnunuzi, pamoja na taka za hospitali, hicho ndicho cha motoni. Ni kidogo. Na kidogo ndicho ninachokitaka.

Ule moto wa babu ulifika kwenye joto la kuunguza jiwe, na wa taka lazima ufike karibu na hapo. Sheria ya Ulaya inataka moshi ukae kwenye nyuzi 850 za Selsiasi kwa sekunde 2 kamili, na taka zenye klorini nyingi zinatakiwa nyuzi 1,100. Mipira ya hospitali mara nyingi ni ya plastiki yenye klorini. Ikiungua kwenye moto mdogo, kama ule wa jiko la matofali, inazaa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili: ya kuku, ya samaki, ya binadamu, mpaka kwenye maziwa ya mama. Hata moto ukiwa mkali, moshi ukipoa polepole kupita kati ya nyuzi 450 na 200, sumu hiyo inaweza kujiunda upya. Kwa hiyo moshi unapozwa kwa haraka, halafu unasafishwa.

Na kwenye kusafishwa ndiko nilikokaa kwa furaha usiku ule hadi nikasikia adhana ya alfajiri. Moshi wa taka una tindikali, na dawa yake ni chokaa. Hupulizwa ndani ya bomba kama unga au maji meupe, ikaishika tindikali na kuigeuza chumvi. Baadaye hupulizwa mkaa ulioamshwa kwa mvuke mkali ukawa na matundu madogo yasiyohesabika, nao ndio unaozinyonya dioksini na zebaki. Moja ya malighafi bora duniani ya mkaa huo ni vifuu vya nazi. Mwisho moshi hupita kwenye safu za mifuko mirefu ya kitambaa inayolizuia vumbi. Chokaa, vifuu, kitambaa. Nilirudia kusoma mara tatu. Sidai kwamba tutavitengeneza kesho; mkaa wa namna ile una kiwanda chake na utaalamu wake, na chokaa ya kukata magogo ya msitu sitaki ituokoe na moshi ituachie jangwa. Lakini mtu anayesema teknolojia hii ni ngeni kabisa kwetu hajamwona babu yangu mkekani.

Lilibaki swali la joto. Vienna wana baridi, Pemba nyumba haihitaji kupashwa. Umeme? Tunao waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na mtambo mdogo wa mvuke hautoi umeme wa kujivunia. Nilizunguka na swali hili siku nyingi, mpaka msimu wa karafuu ukaja na vuli ikaja juu yake. Kila nyumba ya shamba huku inajua jambo hilo. Karafuu zimechumwa, zimechambuliwa, zimeanikwa kwenye majamvi, na wingu linapanda. Watu wanakimbia kukunja majamvi, jua likitoka wanakunjua, mvua ikirudi wanakunja. Siku tatu za hivyo na karafuu inaanza kuvunda, inageuka mpeta, nyeupe, imenyauka, bei yake imekufa. Nimemwona mama yangu akiushika mpeta kiganjani, akiugeuza kwa kidole gumba, hasemi kitu.

Basi joto letu liende huko. Hewa safi ipite kwenye mabomba ya moto bila kukutana kabisa na moshi, iingie kwenye ukumbi wa kukaushia wenye vichanja, na mwenye karafuu zake mvua ikimshika azilete. Mvuke nao si mgeni. Mimi nimekulia Wawi, karibu na kiwanda cha makonyo, ambako vikonyo vya karafuu hupitishiwa mvuke, mvuke ukabeba mafuta, ukapozwa, mafuta yakazama chini ya maji kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Tulipokuwa watoto tuliijua siku ya kazi kwa harufu kabla hatujafika barabarani. Hakuna aliyesema kiwanda kile kihamishwe porini. Kwa hiyo nakataa maneno kwamba watu wa Pemba hawataki kiwanda jirani. Tumeishi nacho, kinanukia, na watalii wanakuja kukitazama.

Ramani niliyoichora ina vitu hivi. Jengo ni refu na jembamba, limelala kufuata mteremko ili gari ya taka iingie juu na taka zishuke zenyewe. Shimo la kupokelea limefunikwa, na hewa ya kulishia moto inavutwa kutoka humo humo, kwa hiyo harufu inaingia motoni badala ya kutoka nje. Kuta za nje ni za matofali yenye matundu yaliyopangwa kama nakshi za madirisha ya zamani, upepo unapita, jua linaingia vipande vipande. Paa limetoka mbele sana. Chini yake kuna baraza ya saruji inayozunguka pande tatu, ya kukalia watu kweli, na mbele yake ubao wa taa unaoonesha joto la tanuri na hali ya moshi kwa saa ile, kwa Kiswahili, kwa herufi anazozisoma mzee asiye na miwani. Dohani sikuificha. Nimeipa mistari myeupe na ya kijani, na urefu wake utatoka kwenye hesabu ya pepo zote mbili, kusi na kaskazi, kwa kuwa upande wa nyuma haupo. Taa za juu nimezifanya chache na zimeelekea chini, kwa ajili ya popo wetu wakubwa wanaotoka jioni kutafuta matunda.

Majivu yamenisumbua kuliko vyote. Moto unapunguza ujazo wa taka kwa kiasi cha asilimia 90, lakini kwa uzito hubaki robo au moja ya tano yake chini ya tanuri, na haya yanaweza kutumika kwenye barabara au matofali baada tu ya kupimwa. Lile vumbi linalokamatwa na mifuko ni jambo jingine: ndani yake ndimo sumu ilimokusanyika. Linataka kufungwa na kuzikwa mahali pasipovuja, miaka yote. Nimelichorea chumba chake na nimekiandika kwa wino mwekundu. Yeyote atakayekuja kutuuzia mtambo na asikitaje chumba hicho siku ya kwanza, arudishwe bandarini.

Najua gharama ni kubwa. Najua pia kuna wanaosema taka za hospitali zinaweza kupikwa kwa mvuke wa shinikizo zikafa vijidudu bila moto wowote, na wana hoja nzuri. Kwa vituo vidogo huenda hilo ndilo la haraka, na ningefurahi lije kabla ya tanuri langu. Ninalolitaka ni lile boksi liondoke dirishani.

Mwezi uliopita niliikunja ramani nikampelekea yule kijana. Mpwa wangu sasa anatambaa, nilimbeba mgongoni. Kijana aliosha mikono, akaikausha vizuri, akaikunjua ramani juu ya meza ya mapokezi, akaizuia pembe kwa chupa mbili za dawa. Nikamweleza dohani, ukumbi wa karafuu, baraza. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza, kwa adabu:

“Dada, na mimi nasimama wapi?”

Nikatafuta. Niliwachorea baraza wageni, vichanja wakulima, hata popo nimewapunguzia taa. Mbele ya mlango wa kutilia taka za hospitali palikuwa peupe.

Nikampa penseli. Akafikiri, akatazama nje bendera ya kituo inavyopepea, akatia alama ndogo ya msalaba upande wa kusini wa mlango. “Kusi likivuma nasimama hapa, moshi unanipa mgongo.” Akatia ya pili upande wa kaskazini. “Kaskazi likija nahamia huku. Kwa hiyo mlango ufunguke pande zote mbili.” Akapima kwa kiganja kutoka kifuani mwake hadi chini. “Na usiwe juu zaidi ya hapa.”

Nikaiandika sentimita yake: mia moja na kumi.